Chuhai ya nyumbani hapa Mbeya: Konyagi, balungi na soda ya baridi, maksi zangu hizi hapa

Wenye haraka nawapa majibu juu kwa juu. Chuhai ni kile kinywaji cha Kijapani cha pombe kali, soda na tunda chachu. Ya balungi ukitengeneza mwenyewe nyumbani kwa Konyagi, soda wota na matunda ya sokoni ni 9 kwa 10, ya limao la kugandisha 8, ya pasheni 7, ile ya mtindi 6 na nitasema kwanini, na zile chupa za rangi rangi zinazouzwa madukani kama kinywaji cha Kijapani ni 3, tena hapo nimewapendelea kwa sababu chupa yenyewe inafaa kuwekea maji ya friji. Wenye muda tuendelee.

Tuanze na hizo chupa maana wengi mnaanzia huko. Kuna duka moja la vinywaji hapa mjini, silitaji, kijana wa kaunta alinishikisha chupa ya kijani ina picha ya zabibu akaniambia kaka hii ndo pombe ya Wajapani inayotamba sasa hivi, na bei yake ungenunua Konyagi kubwa na hela ya chips mayai ikabaki. Nafika home nasoma lebo vizuri, imetengenezwa Korea. Ni soju. Soju ni ya Wakorea jamani, nchi nyingine kabisa na bahari ipo katikati, halafu hizi za ladha ya matunda zina alkoholi kama asilimia 12 hadi 14 hivi na sukari ya kutosha kukuamsha jino usiku. Siwezi kusema ni mbaya kwa kila mtu, dada yangu aliimaliza na akauliza kama kuna nyingine, ila kama unatafuta kile kinywaji cha kukata kiu, chenye uchachu, kinachosafisha mdomo katikati ya nyama choma, hapo umepotea njia.

Chuhai yenyewe ni kitu chepesi mno. Wajapani wana pombe kali yao inaitwa shochu, wengine wanaitengeneza kwa viazi vitamu, wengine shayiri, wengine mchele, visiwa vya Amami kule kusini wanatumia sukari guru ya miwa. Unachukua hiyo shochu, unaweka soda isiyo na sukari, tunda chachu, barafu nyingi, basi, hamna sheka ya kutikisia wala mwavuli wa karatasi. Wanakunywa kwenye izakaya, vile vibaa vyao vya msosi na kinywaji, na tangu 1984 kampuni ya Takara ilipoanza kuiweka kwenye kopo imekuwa kitu cha kununua dukani kama sisi tunavyobeba bia ya Safari. Kwahiyo ukiona mtu kwenye video anakuonyesha chuhai ya viungo kumi na mbili ujue anauza chanel yake.

Sasa Konyagi inaingiaje. Kuna watu watanirushia mawe hapa ila nisikilizeni. Shochu inayotumika sana kwenye chuhai sio ile ya viazi yenye harufu nzito ya wazee wao wa Kagoshima, ni ile daraja la korui, inapitishwa kwenye mitambo ya mvuke mpaka inabaki karibu haina ladha, mara nyingi malighafi yake ni molasi ya miwa, na kwa sheria zao haitakiwi kufika asilimia 36. Haya geuza chupa ya Konyagi usome. 35. Na yenyewe ni ukoo huo huo wa miwa. Watu wanabishana mpaka leo kama Konyagi ni jini au ni ramu nyeupe au ni kitu chake peke yake, mi ubishi huo siuwezi, ninachojua ukiiweka kwenye balungi ile harufu yake ya utamu utamu inapotea kabisa, kwenye limao inasikika kwa mbali, kwenye pasheni huisikii hata ukiitafuta. Jini zenye viungo vingi nimejaribu pia, zinagombana na tunda, kila mmoja anataka aongee yeye.

Chupa iweke friza, usiogope, kwa asilimia 35 haigandi kwenye friza ya nyumbani, inakuwa nzito nzito kidogo tu na hicho ndo tunakitaka maana barafu haitayeyuka haraka. Kipimo changu ni vijiko vitatu vya chakula, kama mililita 45, juisi ya tunda vijiko viwili, soda wota mililita 150. Piga hesabu inakuja kama asilimia 7 ya kilevi kabla barafu haijayeyuka, yani imezidi bia kidogo, na zile za kopo kule kwao zinachezea 3 mpaka 9. Lakini haisikiki kama pombe, hapo ndo shida ilipo, mgeni anakwambia mbona juisi hii halafu kwenye kusimama anatafuta ukuta. Pima kwa kijiko, usipime kwa jicho. Wale mnaokumbuka enzi za viroba vya pombe kabla havijapigwa marufuku Machi 2017 mnajua Konyagi ikizoeleka inakupeleka wapi. Na gongo usithubutu hata kama jirani anakwambia yake ni safi, hujui ndani kuna nini, macho hayauzwi Mwanjelwa.

Soda ndo mahali watu wengi wa huku wanaharibu. Wanaweka Sprite. Sprite ina sukari yake na ndimu yake, ukiweka hiyo umekunywa Sprite yenye Konyagi, sawa, maisha ni yako, ila sio hii ninayoipima. Tafuta soda wota, ile isiyo na sukari wala ladha, na sio toniki, toniki ni chungu na ina sukari pia. Kwenye maduka ya mtaani mara nyingi hamna, supermarket zipo, na ukipata chukua chupa ndogo ndogo usichukue kubwa, maana kubwa ukishaifungua glasi ya tatu unakunywa maji. Ilazwe friji mpaka iwe baridi kweli, gesi inakaa kwenye maji baridi kuliko ya vuguvugu, na huku kwetu tuko juu kama mita 1,700 hewa ni nyepesi kwahiyo gesi ina haraka ya kutoka kuliko Dar. Halafu kitu kingine ambacho huwa kinanifurahisha, gesi yenyewe ni ya huku huku, kule Busokelo wilaya ya Rungwe kaboni dayoksaidi inatoka ardhini yenyewe kwa sababu ya volkano, TOL Gases wanaivuna kijiji cha Ikama na inaenda viwanda vya vinywaji. Inawezekana kabisa hilo povu kwenye glasi yako limetoka chini ya migomba ya Wanyakyusa.

Kumimina kuna utaratibu na unaleta tofauti. Glasi ndefu ijae barafu mpaka juu, narudia mpaka juu, sio vipande viwili vinavyoogelea, barafu kidogo inayeyuka haraka na kinywaji kinakuwa maji maji. Konyagi kwanza, juisi, koroga vizuri hapo ipoe, ndo soda inafuata taratibu pembeni pembeni ya glasi, halafu kijiko kinazama mara moja tu kinanyanyua cha chini juu. Ukikoroga kama uji gesi yote umeifukuza.

Haya matunda. Balungi ndo mfalme. Kwenye izakaya kuna ile staili ya kukuletea glasi yenye shochu, barafu na soda, pembeni nusu ya balungi na kikamulio, unakamua mwenyewe mezani, na kwa kweli ile kazi ya kukamua ni nusu ya raha. Hapa mjini balungi sio tunda la kuliona kila meza, jaribu soko la SIDO au Soko Matola asubuhi, likija gari la Kyela au Tukuyu unapata. Mama mmoja niliyekuta nalo alinitazama akaniuliza, mwanangu mabalungi yote haya, una presha? Nikamwambia hapana mama ni ya kinywaji, akasema haya, ila babaako ndo umpelekee. Chagua yale mazito mkononi hata kama ganda limekunjamana, hayo ndo yana maji, jepesi linalong'aa ndani ni ngozi tupu. Ukikamua usilisage mpaka ile nyeupe ya ndani, uchungu wote upo pale, na kama bado linakuwa chungu tupia chumvi kidogo sana, ncha ya kisu, uchungu unashuka kabisa na utamu unapanda bila sukari.

Na kwa sababu ya hilo la presha ngoja niliseme vizuri, maana kuna imani kubwa huku kwamba balungi ni dawa. Kama wewe au mzee unameza nifedipine ya presha, au zile za kolesteroli kama simvastatin, balungi na dawa hiyo havipatani, linazuia kimeng'enya cha kwenye utumbo kinachoipunguza dawa kwahiyo dawa nyingi inaingia kwenye damu kuliko daktari alivyopanga. Sio la kokteli tu, hata juisi tupu. Muulize daktari wako kwanza, wewe tumia limao. Na ukishakuwa kwenye dawa hata hiyo Konyagi yenyewe nayo muulize.

Limao sasa, na hapa nimeiba wazo kwa Suntory, kampuni ya vinywaji ya Wajapani. Wana chuhai yao inaitwa -196, ilitoka 2005, wanagandisha tunda zima kwa naitrojeni ya maji kwenye nyuzi hasi 196, wanalisaga unga na ganda lake, halafu unga huo unalowekwa kwenye pombe. Naitrojeni mimi sina, nina friza ya mlango mmoja, ila wazo la ganda nimelibeba, maana harufu ya limao ipo kwenye mafuta ya ganda sio kwenye juisi. Osha limao kwa maji ya moto na usugue kweli, kata vipande, toa mbegu, gandisha usiku kucha ukiwa umevitandaza kwenye sahani visishikane, kesho unajaza glasi kwa vipande hivyo badala ya nusu ya barafu. Glasi ya kwanza inakuwa ya kawaida, glasi ya pili kwenye vipande vile vile ndo tamu kuliko, limao limeshaanza kuachia na unalibonda na kijiko. Nimeipunguzia maksi kwa sababu moja tu ambayo sio kosa la limao, umeme. Ukikatika usiku vipande vinalainika, ukirudi vinaganda upya na juisi imeshatoka yote imeshika chini ya sahani.

Pasheni huku ni bei chee msimu wake, fungu la buku linatosha watu wanne. Chukua zile za zambarau zilizojikunja, chota na mbegu zake, watu wengine wanachuja ila mi naona mbegu zinanogesha. Tatizo la pasheni ni ubabe, inafunika kila kitu, ukifumba macho unakunywa juisi ya pasheni yenye gesi, na inahitaji kijiko cha sukari iliyoyeyushwa na maji ya moto vinginevyo inakukwangua koo. Nanasi nimejaribu, tamu, povu jingi, linachosha glasi ya kwanza haijaisha. Chenza ukiligandisha zima zima ukalimenya na kulitupia kwenye glasi ni zuri kwa macho na watoto wanaweza kupewa la kwao na soda tupu. Parachichi kuna mtu aliniuliza kabisa kama linafaa, ndugu yangu sisi wa Rungwe parachichi tuendelee kuwauzia nje, kwenye chuhai hapana.

Ya mtindi ndo ilinipa kazi. Wajapani wana kinywaji cha maziwa yaliyochachushwa, Calpis, kipo tangu 1919, mwanzilishi wake alipata wazo Mongolia kwenye maziwa ya wafugaji, na wanakichanganya na shochu na soda inakuwa nyeupe nyeupe kama ukungu. Nikasema sisi wa mtindi tunashindwaje. Mtindi mzima mzima ukiumwagia Konyagi na ndimu unakatika mabonge, hauvutii, kwahiyo chuja mtindi kwenye kitambaa safi usiku kucha, wa ASAS wa Iringa unafaa ila wa mtaani mzito unatoa maji mengi zaidi, yale maji maji ya njano yanayodondoka changanya na sukari na ndimu, hayo ndo unaweka kwenye glasi. Inakaribia, uchachu wa maziwa upo, inakata kiu kweli, lakini ladha ni nyembamba, glasi moja inatosha, halafu unabaki na mtindi mkavu wa kupaka kwenye mkate kwahiyo hamna hasara. Hii hata bila Konyagi ni nzuri, na mama mkwe wangu ambaye ni mlokole anaikubali hiyo ya bila.

Kuna hii nyingine sio ya kunywa leo. Umeshu. Tunda lao la ume, watu wanaliita plamu ila kiukoo liko karibu zaidi na aprikoti, wanalichuma bichi kabisa la kijani kama mwezi wa sita, kilo moja ya ume, pombe nyeupe lita 1.8, sukari ya mawe kuanzia nusu kilo, vinafungiwa kwenye chupa ya kioo, miezi mitatu kima cha chini na wengi wanasubiri mwaka. Na pombe wanayotumia majumbani kwa hiyo kazi ni ya asilimia ngapi? 35. Ndo maana nasema Konyagi ilikuwa inasubiri hii siku. Plamsi za Njombe zikishuka msimu wa mvua chukua zile ngumu ambazo hazijaiva, zilizoiva zinavunjika na kufanya tope, toa vikonyo, kausha vizuri kabisa maana maji ndo yanaleta ukungu. Sukari ya mawe huku sijaiona, ya kawaida inafanya kazi ila imimine kwa awamu wiki hadi wiki, ukiweka yote siku moja inayeyuka ghafla na tunda linasinyaa kabla halijatoa ladha. Yangu ilikuwa na rangi ya chai ya rangi na harufu moja hivi nzito ya mbegu, ukiweka kidogo kwenye barafu na soda unaelewa kwanini wale watu wana subira. Maksi siipi bado, ina kaka yake anakuja, chupa ya pili nimeificha uvunguni na wanaonijua wasiniulize.

Mtu atasema wewe kaka vinywaji vya barafu Mbeya, mwezi wa sita na wa saba tunavyotetemeka kule Forest na Uyole? Ni kweli, hii ni ya Oktoba na Novemba jua likiwa kali kabla mvua hazijaanza, au mchana wa Kyela muda wowote ule. Kwa baridi Wajapani hao hao wanakunywa shochu na maji ya moto, maji yanatangulia kwenye kikombe, shochu inafuata juu yake, shochu sita kwa maji manne, na inajikoroga yenyewe. Wazee wa kimpumu, ile pombe ya kienyeji ya huku, hawatashangaa, wao wamekuwa wakiongezea maji ya moto kwenye chungu na kuvuta kwa mrija tangu zamani. Konyagi kwa maji ya moto na kipande cha limao na tangawizi ni kitu kizuri sana, ila ipulize kwanza kabla hujainusa, mvuke wake unapanda moja kwa moja kichwani.

Kuhusu msosi, usiipeleke kwenye wali wa nazi wala ndizi nyama, itapotea, hii inataka mafuta na chumvi: kuku wa kukaanga, kitimoto, mbasa wa Ziwa Nyasa akiwa amekaangwa mpaka mkia unavunjika. Kwa gharama, ukiondoa chupa ya Konyagi ambayo inakupa glasi kama kumi na sita kwa ile ya 750, kinachokula hela ni soda wota, tunda ni hela ya vocha.

Sasa wadau wa mjini nina swali. Kile kikamulio cha kioo kizito chenye nundu katikati nani anajua kinauzwa duka gani, Kabwe nimezunguka nimepewa vya plastiki tu na balungi moja gumu linakivunja vipande viwili, Iringa kama vipo semeni na bei, nina mtu anapanda basi Ijumaa.